Mabamba asubuhi, Lutembe jioni

Shangazi hakuja Uganda kutazama ndege. Alikuja kuzuru kaburi la kaka yake na kuwakumbatia wajukuu ambao hadi siku hiyo alikuwa akiwajua kwa picha za simu tu. Baba yangu aliondoka Mombasa kijana, akapata kazi uwanja wa ndege wa Entebbe enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 alikuwa ameshaoa, ana kiwanja na migomba yake, hakuona cha kumrudisha. Ndiyo maana kwetu Kiswahili ni cha mezani na Kiganda ni cha barabarani. Dada yake aliolewa Dabaso, jirani na Watamu, akakaa miaka yote ukingoni mwa hori la Mida, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu.

Mwisho wa Machi 2019, basi. Masika yalikuwa yamechelewa mwaka ule. Mchana joto linabana, usiku radi inapiga mbali ziwani na tone halishuki. Shangazi alizuru, akasoma Yasini, akalia kidogo, akapika biriani ambayo majirani bado wanaitaja. Halafu akaanza kuichoka sebule.

"Hivi huku kwenu hamna pa kwenda mtu akapunga upepo?"

Nikamwambia nitampeleka Mabamba, kwenye ghuba ya mafunjo ukingoni mwa Ziwa Victoria, akamwone bulwe.

"Ndiye nani?"

Nikamwonyesha kwenye simu. Bulwe ni jina la Kiganda. Vitabuni Waswahili humwita korongo-nyangumi. Ndege wa kijivu, kimo chake kinapita mita moja, mdomo mpana wenye kulabu nchani, macho ya manjano yaliyopauka. Waliobaki duniani wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000, wote katika mabwawa ya Afrika. Shangazi aliitazama ile picha kwa muda, akanirudishia simu.

"Ana sura ya mtu anayedaiwa," akasema. "Haya, twende."

Asubuhi mapema tukaingiza gari kwenye kivuko cha Nakiwogo. Kulikuwa na pikipiki zilizobeba matenga ya nyanya, walimu wawili, mbuzi, na mzee mwenye godoro. Shangazi alisimama kwenye reli na leso yake kichwani, ananusa. Mtu wa bahari akifika ziwani hujihisi amedanganywa: maji hayana mwisho, mawimbi yapo, upepo upo, lakini harufu haipo. Kabla sijamzuia akainama pale penye ngazi, akachovya kidole, akaonja, akatema. Maji ya gatini Nakiwogo hayaonjwi hata na mbwa, lakini nani atamwambia shangazi yake hivyo mbele ya watu?

"Hayana chumvi kweli," akasema, na tangu hapo akaacha kuliita bahari.

Upande wa pili ni Buwaya, kisha barabara ya vumbi jekundu hadi mwalo wa Mabamba, pale mitumbwi inapoegeshwa. Pale pana kibanda, makoti ya kuokolea maisha yaliyotundikwa kwenye misumari, na kibao kinachomwambia mgeni kwamba ghuba hii imo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mkutano wa Ramsar ulifanyika Kampala Novemba 2005, mara ya kwanza kuletwa Afrika, na mwaka uliofuata Uganda ikaandikisha maeneo kadhaa kwa mkupuo. Mabamba ni mojawapo. Lutembe, ile ghuba iliyo upande wa barabara ya Kampala, iliandikishwa siku hiyohiyo. Wakati ule sikulitilia maanani hilo.

Mwenye mtumbwi wetu alikuwa Muganda wa makamo, mfupi, vidole vya miguu vimetanuka kwa kushikilia mbao za mtumbwi tangu utotoni. Kiswahili alikiokota visiwani Ssese alikovua na watu wa kila kabila, na kilikuwa kile Kiswahili cha ziwani kisichojali ngeli. Alimwita Shangazi "jjajja", yaani bibi, kwa heshima zote, akamkalisha katikati ili mtumbwi usilale.

Injini ikawaka hadi tulipoingia kwenye vijia vya mafunjo, kisha akaizima na kushika upondo. Hapo ndipo Mabamba inapoanza hasa. Mafunjo yanasimama juu ya kichwa pande zote mbili, mashina yake yanakwaruza ubavu wa mtumbwi, na maji chini ni meusi kwa mizizi iliyooza. Mdiria mdogo wa buluu, mdomo mwekundu, alikaa kwenye jani lililoinama hadi tukampita karibu ya kumgusa. Mbele yetu ndege mwekunduwekundu wa miguu mirefu, vidole vyake virefu kuliko kichwa, alikuwa anatembea juu ya majani ya yungiyungi, na kila jani alilokanyaga lilizama kidogo tu.

Bulwe tulimkuta mahali palipo wazi kidogo, na hatukuwa peke yetu. Mitumbwi mingine ilikuwa imeshamzunguka kwa mbali, wazungu wenye kamera ndefu wamekaa kimya, mmoja amejifunga taulo kichwani. Ndege mwenyewe amesimama kwenye nyasi, hatikisiki, mdomo umeelekea chini. Dakika zikapita. Shangazi akafungua kichupa cha maji, akanywa, akakifunga. Bado vilevile.

"Amekufa?" akaninong'oneza.

Mwenye mtumbwi akacheka. "Ngoja, jjajja. Yeye anangoja mamba."

Shangazi alishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili. Nikafanya haraka kumwelezea: mamba kwa Waganda ni samaki, yule wanaomwita kamongo huko Kisumu. Ana mapafu. Hawezi kukaa chini ya maji bila kuja juu kuvuta hewa, na bulwe anajua hivyo. Husimama penye upenyo kati ya majani, anangoja pumzi ya mwenziwe. Biolojia yangu ya shule iliishia hapo, ila mwenye mtumbwi alikuwa na zaidi.

"Zamani sisi tulikuwa naua yeye," akasema, bila kupunguza sauti wala kuona haya. "Ukiona bulwe asubuhi, rudi nyumbani, samaki hakuna. Ile ndege ilikuwa mkosi. Baba yangu aliua, mimi niliona. Halafu wageni wakaanza kuja. Mgeni mmoja analipa pesa ya mtumbwi, ni pesa ya samaki wa siku mbili, na wavu haichaniki." Akaelekeza upondo kwa yule ndege. "Sasa ukigusa yeye, watu wa mwalo watakugusa wewe."

Nimesikia watu wakilisimulia jambo hili kwa maneno matamu, eti wavuvi waliamka wakaipenda ghuba yao. Mimi maelezo ya yule bwana ndiyo ninayoyaamini, na sioni ubaya wake. Shangazi naye hakushangaa hata kidogo. Kwao Mida kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko, watalii hulilipia, na pesa zinawalipia watoto wa vijiji vya karibu karo ya sekondari. Mjukuu wake mmoja alisomeshwa hivyo. "Basi mmefanya la maana," akamwambia. "Mkosi umegeuka riziki."

Ndipo bulwe akaanguka. Sina neno jingine. Hakuruka, hakudona, alijitupa mzima mzima, mabawa wazi, kichwa mbele, maji yakapasuka. Akainuka polepole kwa kujisukuma na mabawa, na mdomoni kumejaa fungu la majani linalochuruzika. Akatikisa kichwa kulia, kushoto, majani yakadondoka moja moja kutoka pembeni, na katikati yake kikabaki kitu cha kijivu kinachojiviringa. Kingo za mdomo wake zina makali. Akaubana, akalegeza, akaubana tena, na kichwa cha yule mamba kikadondoka majini. Kilichobaki akakimeza, shingo ikavimba, akanywa maji. Halafu akarudi kusimama vilevile kama mwanzo. Kamera zilikuwa zinalia kote.

Mimi nilikuwa nimeshika mdomo. Nimeishi Entebbe maisha yangu yote na sikuwahi kuliona hilo. Lakini nilipogeuka, Shangazi hakuwa anamtazama bulwe tena. Alikuwa ametazama juu.

"Wale buabua," akasema.

Juu ya mafunjo kulikuwa na ndege wachache wepesi, wanapita wakigeukageuka, hakuna mtalii aliyewapigia picha. Shangazi alikinga macho kwa kiganja. "Tazama matumbo yao. Wanabadilisha nguo. Hawa wanaondoka."

Nikatazama vizuri, labda kwa mara ya kwanza. Tangu Oktoba huwa ni weupe, wana doa jeusi nyuma ya jicho tu. Sasa hivi kifua na tumbo vilikuwa na mabaka meusi, kwa mmoja madogo, kwa mwingine yamekaribia kuungana, na mabawa yamebaki meupe. Shangazi akaeleza kwamba Mida mwezi huu ni hivyohivyo: wale ndege wadogo wa matopeni, waliokuwa kijivu msimu mzima, huanza kuwa wekundu wa tofali kifuani, na akina mama wanaookota chaza hujua kwamba kabla ya Mei wengi watakuwa wameshakwenda kwao kaskazini, kutaga. Huko ndiyo majira ya kuchipua yanaanza. Sisi tunangoja masika, wao wanaufuata mchana mrefu.

"Wanalala wapi?" akamuuliza mwenye mtumbwi.

"Wengi sana wanalala Lutembe. Lakini pale hakuna bulwe, jjajja. Hakuna mtu anaenda pale."

"Mimi nitakwenda."

Nilijaribu kumpinga. Nilisema ni njia ndefu, nikasema jua, nikasema chakula kinatungoja nyumbani. Akanijibu kwamba chakula hakina mabawa. Tukavuka tena na kivuko, tukala roleksi, yaani chapati iliyoviringwa na mayai, kando ya barabara, yeye akailalamikia chapati lakini akaimaliza, kisha tukashika barabara ya Kampala na kukata kulia kuelekea ziwani.

Lutembe haina kibanda cha kupokelea wageni, angalau siku ile hatukukiona. Tulipita kwenye mapaa marefu ya plastiki ya mashamba ya maua, yale mawaridi yanayopakiwa kwenye ndege usiku kwenda Ulaya, na mahali fulani kifusi kilikuwa kimemwagwa hadi ndani ya mafunjo. Matairi ya lori yameacha mitaro na maji yamejaa humo. Shangazi hakusema kitu, ila aliteremsha kioo cha gari akatazama mpaka tukapita. Mwaloni tukapatana na kijana mvuvi. Hakuelewa tunachotaka. Alidhani tunataka kununua samaki, halafu akadhani tunataka kununua kiwanja.

Ghuba ile ni ndogo, imefungwa na visiwa vya mafunjo vinavyoelea, na nyuma yake nchi kavu inaficha jua mapema. Tulifika katikati kivuli kikiwa kimeshatanda juu ya maji. Shakwe wa kichwa kijivu walikuwa wamejipanga kwenye mikeka ya magugu. Hao ni wenyeji, hawaendi kaskazini.

Halafu buabua wakaanza kuingia kutoka ziwani. Mwanzoni vikundi, kisha mkondo usiokatika. Sikujaribu kuhesabu, wataalamu waliowahi kuhesabu Lutembe katika misimu mizuri wamekadiria zaidi ya milioni moja, na nilikuwa nikidhani ni chumvi ya vitabuni. Mbali kidogo wingu la sami lilikuwa limeinuka juu ya maji, wale vijidudu vya ziwani wanaozaliwa kwa mamilioni na kufa baada ya siku chache, na buabua walilipasua huku na huku, wanadokoa hewani, wanashuka kugusa maji kwa ncha ya mdomo, wanapanda tena. Walipita karibu nasi hivi kwamba nilisikia mabawa. Mmoja alikuwa ameshamaliza kubadilika: kichwa, kifua, tumbo, vyote vyeusi ti, mabawa na mkia ndivyo vyeupe. Wa nyuma yake alikuwa nusu.

Shangazi akanishika mkono. "Unaona? Yule ameshafunga mzigo. Huyu bado anakunja nguo."

Kijana mvuvi alikuwa ameacha kupiga kasia. Nadhani alikuwa akituona sisi kuliko ndege. Nikamweleza kwa Kiganda kwamba wanatoka mabwawa ya Ulaya Mashariki na Urusi, kwamba wanajenga viota juu ya majani yanayoelea mfano wa haya, na kwamba wiki chache zijazo hapa hapatakuwa na hata robo yao.

Akafikiri. "Wazungu wanalipa kumwona bulwe kule Mabamba," akasema. "Hawa hawawataki?"

Nikamtafsiria Shangazi. Akajibu kwa niaba ya wazungu wote: "Hawa wanawaona kwao."

"Basi na huko kwao," akauliza kijana, "nani anawalipia?"

Shangazi alifungua mdomo ajibu, sami wakaingia. Akakohoa, akatema, akajifunika leso hadi puani, akampungia mkono kijana aanze kupiga kasia, na kwa sauti iliyotoka ndani ya kitambaa akaniagiza nimwongezee yule mtoto pesa juu ya tuliyopatana. Nikamwongezea. Akazihesabu, akauliza kama kesho pia tutakuja.