Nilivyomtembeza Mama Alhambra na magoti yake

Mama alipokuja Hispania kunitembelea kutoka Lamu, safari aliyoisubiri kwa hamu ilikuwa ya Granada, kuiona Alhambra, kasri la wafalme Waislamu wa ukoo wa Nasri. Hofu yangu ilikuwa magoti yake, maana kasri liko juu ya kilima na ndani ni mwendo mrefu.

Tiketi nilizikata mtandaoni wiki kadhaa mbele, kwa majina na namba za pasipoti. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya kuingia kasrini, ukichelewa, huingii. Nilichagua saa tano asubuhi. Basi dogo likatupandisha kutoka mjini, na kufika saa tatu tulikuwa tumeshaingia bustani za Generalife, ambazo ziko karibu na lango la tiketi. Tulipumzika kila penye kiti.

Bustanini kuna ngazi ambayo kingo zake za pembeni ni mifereji: pale unapoegemeza mkono, maji yanateremka. Mama alikaa kwenye kidato cha chini, akatia kiganja, maji yakampita vidoleni. “Baridi kama birika la msikitini alfajiri,” akasema. Nikamweleza kwamba zamani maji yaliletwa kutoka mto Darro kwa mfereji wa kuchimba, bila mashine, kwa mteremko tu. Hakutaka kuinuka.

Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Mwendo wa kutoka bustanini hadi kasrini mimi huumaliza kwa robo saa; sisi tulitumia dakika arobaini. Tulifika zimebaki dakika tano, pasipoti mkononi.

Mimi nilishawahi kufika kule mara mbili na marafiki, na kutani niliona mapambo tu. Mama aliyesoma chuo cha Kurani utotoni alisimama mbele ya ukuta wa kwanza, akafuatisha maandishi ya Kiarabu kwa kidole hewani: “Wa la ghaliba illa Allah. Hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu.” Tangu hapo akawa analitafuta neno hilo kila chumba, na lipo kila mahali.

“Mwanangu, hini si chokaa hini? Kama zidaka za kwa bibi yako,” akasema, akikumbuka vishubaka vya ukutani vya nyumbani Lamu.

“Ni jasi, mama, lakini ufundi ni ndugu.”

Kwenye ua wa simba 12 wa marumaru makundi yalitupita, moja baada ya jingine. Sikumharakisha. Saa ya tiketi ni ya kuingia, si ya kutoka.