Maji Mafu

Kwetu ni Barawa, mji wa pwani ya Somalia. Wazee wangu walikuja Mombasa kwa jahazi baada ya vita vya 1991, na mtu aliyepoteza jamaa njiani hamwachi bintiye aliyepooza miguu kwa polio atoke peke yake. Nilipopata kazi ya kushona Likoni, ng'ambo ya kivuko cha feri, mama alikataa katakata: "N'nani atakayekusukuma, mwanangu?"

Sikubishana naye. Nilimwendea baba, aliyeijua bahari, nikamuuliza siku gani maji hayatoki sana. Feri yenyewe haina tatizo, hatari ni ule mteremko wa kushukia ferini. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakitoka mteremko huwa mrefu, na kule chini kulikokuwa na maji huwa na utelezi. Baba alihesabu kwa vidole, kisha akasema, "Ngoja mwezi ufike siku ya nane. Maji mafu." Hapo nilijua amekubali.

Nilichukua tuktuk kutoka Kibokoni. Dereva aling'ang'ana na kiti changu cha magurudumu mpaka nikamwelekeza: vua vikanyagio kwanza, kisha shika kitambaa cha kukalia katikati ukivute juu, kitajikunja chenyewe.

Kivukoni nilingoja umati upite. Nikateremka nimebana pete za magurudumu kwa viganja, mgongo nimeuegemeza nyuma. Breki za pembeni ni za kusimamia tu. Ukizivuta kiti kikiwa na kasi, magurudumu hukaba ukarushwa mbele. Pale mlango wa feri unapokutana na saruji, kijana mmoja, kwa wema wake, alishika vishikio akanisukuma bila kuuliza. Magurudumu madogo ya mbele yakazama kwenye ufa, kiti kikainama.

"Kaka, usisukume! Nivute nyuma, unigeuze, tuingie kinyumenyume." Magurudumu makubwa ndiyo yanayovuka ufa. Tukaingia. Ndani nilikiweka kiti ubavu, nikafunga breki.

Ng'ambo nilimwomba yeye yule anipandishe. Mlima ule mikono yangu haiuwezi, na msaada ninaouelekeza mwenyewe sioni kama ni kubebwa.

Jioni mama alitaka kaka anipeleke kila siku. Baba akakata shauri: bamvua nipelekwe, maji mafu niachwe. Nami nikaweka sharti langu: nikifika nitapiga simu mimi, wao wasinipigie nikiwa kwenye mteremko, maana mikono yote miwili ina kazi.