Kuhesabu kutoka Mei kurudi Machi

Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, Jumamosi, 18 Aprili

Asubuhi hii nje kulikuwa na nyuzijoto 1, na juu ya meza yetu ya chakula kuna miche 41. Nyanya 24, ngogwe (nyanya chungu) 17. Tangu katikati ya Machi hakuna aliyekula kwenye meza hiyo. Tunakula kwenye makochi, sahani mapajani, na watoto wamejua kwamba pale dirishani hapagombewi wala hapachezewi mpira.

Nimezaliwa Lushoto, nimekulia kwenye mboga. Anayeijua Usambara anayajua yale malori ya kabichi, karoti na hoho yanayoteremka kwenda Tanga na Dar es Salaam. Kwa hiyo kusia mbegu sikufundishwa na mtu, niliona tu. Mama alikuwa anachagua kipande karibu na maji, anakitifua, anarundika juu yake mabua makavu ya mahindi na kuyachoma ili moto uue magonjwa yaliyo udongoni. Halafu samadi iliyooza vizuri, halafu mistari, mbegu, nyasi za kufunika. Mbegu zikishachomoza anaziondoa nyasi na kujenga kichanja cha majani ya migomba. Nikikumbuka, kazi kubwa ya kitalu ilikuwa kuificha miche: isichomwe na jua, isipigwe na mvua ya masika.

Huku nafanya kinyume. Jua ndilo ninalolitafuta, na halitoshi. Dirisha langu linatazama kusini, na hata hivyo mwaka wa kwanza miche yangu ilirefuka kama uzi wa kushonea, yote imelala upande wa kioo ikiutafuta mwanga. Nilidhani ni kukua upesi, nikafurahi. Kumbe mche unaorefuka hivyo una njaa ya mwanga, na shina lake haliwezi kubeba hata majani yake wenyewe. Sasa nina taa mbili ndefu zinazoning'inia kwa minyororo, sentimita chache tu juu ya majani, na kila miche inapopanda nami nazipandisha. Zinawaka saa 12 asubuhi na kuzimika saa 4 usiku. Saa 16 za mchana, kila siku, ndani ya nyumba ambayo nje yake theluji ilikuwa bado imeegemea ukuta tulipoanza.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni hesabu ya siku. Mwanga nimeupatia dawa mapema kuliko hesabu.

Nyumbani tulihesabu kwenda mbele. Mvua imeanza, basi wiki hii tunasia, wiki nne au tano mbele tunapandikiza, baada ya hapo tunangoja. Kila hesabu ilianzia kwenye jambo lililokwisha kutokea, jambo unaloweza kulishika kwa mkono, udongo ukiwa umelowa. Hapa hesabu inaanzia kwenye jambo ambalo bado: usiku wa mwisho wa jalidi, ile baridi ya kugandisha inayoua miche. Hakuna anayejua ni usiku upi. Watu wa huku wengi husubiri Siku ya Akina Mama, Jumapili ya pili ya Mei, ndipo watoe nyanya nje, na wenye hadhari huongeza wiki. Mimi nimeweka 16 Mei. Kutoka hapo unarudi nyuma: nyanya wiki 7, ukatua 28 Machi. Ngogwe ni wavivu kuota na wavivu kukua, wape wiki 9, ukatua 14 Machi. Kwa hiyo unafungua pakiti ya mbegu maji ya maziwa ya huku yakiwa bado barafu, kwa kuiamini tarehe ambayo haijafika.

Sikuliamini hilo kirahisi. Majira yangu ya kwanza ya kuchipua hapa yalikuwa ya mwaka 2018. Kalenda ilisema yameanza mwezi wa tatu, nami nikaiamini kalenda. Katikati ya Aprili ikaja dhoruba ya theluji, zaidi ya sentimita 35, magari mtaani yakawa vichuguu. Nilisimama dirishani na pakiti ya mbegu za mchicha mkononi. Tangu siku ile mchicha siusii ndani kabisa. Unapenda udongo wenye joto, ukitupwa moja kwa moja bustanini mwanzoni mwa Juni unakimbia wenyewe. Sukuma wiki nao hauna deko, unaweza kutoka mapema na ukavumilia baridi ambayo ingeua nyanya.

Ngogwe ndio sababu ya haya yote, niseme ukweli. Nyanya zipo dukani, hata kama ladha yake ni ya maji. Ngogwe hakuna. Miaka miwili nilipika dagaa na bamia nikijua kuna kitu kimepungua kwenye sufuria, ule uchungu mdogo unaobaki ulimini. Halafu siku moja nikaenda soko la wakulima wa Kihmong, watu wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, kule St. Paul, mji jirani, nikakuta kwenye meza ya bibi mmoja vibilinganya vidogo vya mviringo. Nikamwonyesha kwa kidole, nikauliza kama ni chungu. Akatikisa kichwa kukubali, akacheka, akaniongezea viwili. Si ngogwe zetu hasa, zile nyeupe za Tengeru kule Arusha, lakini ni ndugu wa karibu. Nikajua kwamba mmea wa aina hii unaweza kuzaa katika ardhi hii. Mbegu sikuzibeba kutoka nyumbani, maana huwezi kuingia Marekani na mbegu za kupanda bila vibali vya afya ya mimea. Nilizipata kwa muuzaji wa humu humu nchini, pakiti moja, mbegu 30.

Mwaka jana zote ziliota, na zote zilikufa. Kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la mche. Nililijua jina hilo tangu utoto, nikamwona mama akilitamka kwa hasira mbele ya kitalu, lakini sikutegemea kulikuta kwenye udongo wa mfuko, mwepesi kama pamba, usiowahi kuguswa na jembe. Mche unalala usiku ukiwa mzima, asubuhi shina limenywea pale linapokutana na udongo, limekuwa jembamba na la kahawia. Nilikuwa namwagilia kila jioni kwa mapenzi, chumba kina baridi, trei hazina matundu ya kutosha. Kosa lilikuwa langu, na liliniuma kuliko ninavyoweza kueleza kwa mtu asiyepanda.

Mwaka huu trei zimekaa juu ya mkeka wa umeme unaoupa udongo joto la nyuzi 27 mpaka mbegu ziote. Maji yanatoka chini, natia kwenye sinia, udongo unayanyonya, yanayobaki nayamwaga. Feni ndogo inapuliza mchana kutwa. Jioni napitisha kiganja juu ya miche, taratibu, kama unavyompapasa mtoto kichwani. Inayumba, inasimama tena. Mashina yamenenepa.

Saa 2 asubuhi kwangu ni saa 10 jioni Lushoto, ndiyo saa yetu ya kuongea. Nilimwamkia mama, nikaigeuza simu aone meza. Alinyamaza. Kisha akauliza nitaizoezaje kutoka nje ikiwa imelelewa chini ya taa. Nikamweleza: wiki moja kabla, saa moja ya kivuli barazani, kesho mbili, upepo kidogo, jua kidogo, maji napunguza, usiku narudisha ndani.

"Sasa si ndivyo tunavyopunguza migomba kwenye kichanja?" akasema. "Leo jani moja, kesho jani moja. Hujaacha kitu wewe."

Sikuwa nimeliona hivyo.

Akaniambia nirudishe simu nyuma, polepole, upande wa ukutani. "Huo wa pembeni mbona umeinama?"

Ulikuwa mche wa ngogwe uliochelewa kuota, bado una majani yale mawili ya mwanzo na moja dogo katikati. Nikainua taa, nikaushika shina. Lilikuwa laini pale chini.

"Ng'oa na udongo wake, mwanangu. Usiutingishie wenzake. Na maji usitie tena mpaka Jumatatu."

Nimeung'oa kwa kijiko, nimeutupa nje. Ngogwe 16. Feni nimeisogeza karibu na ukuta.