Kuugua na Moto: Tafakari ya Wiki ya Watakatifu Konstantino na Helena

"Lakini Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa." (Warumi 8:26)

Wapendwa, tarehe 21 Mei Waorthodoksi huwakumbuka Konstantino, mfalme wa Roma, na mama yake Helena, wanaoitwa Sawa na Mitume. Siku hiyohiyo, kaskazini mwa Ugiriki, katika kijiji cha Agia Eleni karibu na Serres na katika mji wa Langadas karibu na Thessaloniki, watu huvua viatu na kucheza juu ya makaa ya moto huku wamebeba ikona, yaani picha takatifu, za watakatifu hao. Desturi hii inaitwa Anastenaria. Picha zake zimefika kila mahali, na waumini wanauliza: huo ni muujiza, au ni ushirikina?

Tuanze na jina. Kwa kawaida hufungamanishwa na neno la Kigiriki lenye maana ya kuugua, kule kutoa pumzi nzito ya mtu aliyeelemewa. Mzizi wake ndio alioutumia Paulo katika mstari wetu wa leo. Kiswahili kimetupa zawadi hapa, maana kwetu kuugua ni kutoa sauti ya maumivu, na pia ni kuwa mgonjwa. Waanastenaria wanayajua yote mawili. Wengi wao hawakuanza kwa sababu walitamani moto. Walianza kwa ugonjwa, huzuni au dhiki isiyoisha, kisha wakaambiwa na wazee kwamba huenda Mtakatifu Konstantino anawaita.

Wenyewe husimulia kwamba zamani, huko Kosti katika Thrakia, kanisa la Mtakatifu Konstantino lilishika moto. Watu waliosimama nje wakasikia ikona zikiugua ndani. Wakaingia, wakazitoa, wala hawakuungua. Kosti leo iko Bulgaria. Wagiriki wake walihama wakati wa misukosuko ya Vita vya Balkani na miaka iliyofuata, wakabeba ikona mpaka makao mapya Makedonia ya Ugiriki. Kwa miaka mingi walicheza wakiwa nazo ndani ya nyumba, milango imefungwa, wakiogopa kukemewa na kuchekwa. Hadharani walitoka mwaka 1947.

Kazi kubwa hufanyika katika konaki, chumba chenye rafu ya ikona, mishumaa na ubani. Ikona zenyewe zina mpini wa kushikia chini, na nyingine zimevikwa fedha na kutundikwa njuga ndogo. Pembeni kuna vitambaa vyekundu vinavyohesabiwa kuwa vitakatifu. Lira ya Thrakia, chombo kidogo cha nyuzi tatu kinachosimamishwa gotini na kupigwa kwa upinde, huanza taratibu, na ngoma kubwa iitwayo daouli huishika. Watu hucheza kwa saa nyingi. Anayeanza huwa anatetemeka, analia, anapiga kelele za "ah, ah", uso umekunjamana. Wakongwe humkalia karibu, humpa kitambaa au ikona, humfukizia ubani. Akitulia na kucheza kwa wepesi, husema njia yake imefunguka. Wapo wanaocheza miaka mingi ndani ya konaki bila kuukanyaga moto hata mara moja, wala hawadharauliwi.

Asubuhi ya sikukuu mnyama huchinjwa, kwa desturi asiyewahi kufungwa nira, na nyama hugawiwa familia kwa familia. Alasiri kuni hupangwa na kuwashwa, zikaachwa ziungue kwa saa kadhaa mpaka miali iishe. Kisha makaa hutandazwa kwa miti mirefu yawe tandiko pana lisilo nene. Giza likiingia, msafara hutoka konaki kwa mishumaa na muziki, huuzunguka moto, na walioitwa huingia. Huvuka, hurudi, huvuka tena, wakipondaponda makaa mpaka yazimike.

Kuhusu miguu kutoungua, tuwe wakweli. Anayepika kwa jiko la mkaa anajua: kaa likianguka sakafuni, mama huliokota kwa ncha za vidole na kulirudisha jikoni upesi, lakini mfuniko wa sufuria haugusi bila kitambaa. Kaa ni jekundu zaidi, ila hupitisha joto polepole, na jivu lililolifunika hulipunguza tena. Chuma hukupa joto lake kwa haraka. Unyayo hukaa juu ya kaa kwa muda mfupi sana kabla haujainuliwa. Kwa hiyo wasio na imani yoyote nao huvuka wakiwa wazima.

Kinachoharibu nacho kinajulikana. Kuni zisizoungua vizuri hubaki na miali. Tandiko likiwa nene mguu huzama, na joto hushika juu ya kidole ambako ngozi ni laini. Anayekimbia kwa hofu huchimba kwa vidole. Kaa hunasa katikati ya vidole. Msumari uliosahaulika kwenye ubao huunguza vibaya. Na anayesimama kati, hata kidogo, huumia. Wenye desturi husema aliyeungua hakuitwa. Hapo tusikubaliane nao, maana hukumu hiyo humwongezea mgonjwa jeraha la pili.

Maaskofu wa Ugiriki wameipinga Anastenaria kwa muda mrefu, na kuna nyakati ikona zilichukuliwa. Wanaona ndani yake dhabihu ya wanyama na mabaki ya upagani. Wasomi kadhaa waliihusisha na ibada za Dionisio, mungu wa divai wa Wagiriki wa kale, ingawa ushahidi wa uzi usiokatika tangu kale ni dhaifu. Kuhusu kumjaribu Mungu, tunasimama na maaskofu: Bwana mwenyewe alikataa kujitupa kutoka kinara cha hekalu (Mathayo 4:7). Shadraka, Meshaki na Abednego hawakuiwasha tanuru ile, na walisema "bali kama si hivyo" kabla hawajajua watatoka wazima (Danieli 3:18). Paulo naye anaonya kwamba mwili uliotolewa uungue, pasipo upendo, haufaidii kitu (1 Wakorintho 13:3).

Lakini tusipite haraka mlangoni pa konaki. Masimulizi ya Kosti yanaanza na watu waliosikia kilio ndani ya jengo linaloungua. Walikuwa na sababu zote za kubaki nje. Na mle chumbani, kabla ya kaa hata moja, kuna mwanamke anayetetemeka na wenzake wanaomkalia usiku mzima bila kumharakisha na bila kumwambia anyamaze. Ni makanisa yetu mangapi yana mahali ambapo mtu anaweza kuugua kwa sauti, wiki baada ya wiki, na akavumiliwa? Mara nyingi tunamtaka aje na ushuhuda uliokwisha kukamilika, na asiye nao tunamweka benchi la nyuma.

Basi kama kuna mgonjwa nyumbani wiki hii, someni Warumi 8:18–27 kando ya kitanda chake, kwa sauti. Mkifika mstari wa 26, nyamazeni kidogo, mwacheni augue.