Enka inaanza kuteguka ukiwa bado hewani

Mara ya tatu kuteguka enka ya kulia, yaani kifundo cha mguu, ilikuwa kwenye ribaundi ya kawaida kabisa ya mpira wa kikapu, jioni, uwanja wa sementi, nimeruka vizuri nimeudaka mpira kwa mikono miwili, nashuka nakuta kiatu cha mwenzangu kiko chini yangu. Upande wa ndani wa unyayo ukapanda juu ya kiatu chake, upande wa nje ukaendelea kushuka, nikasikia "ta". Dakika kumi baadaye, mbele kidogo ya ule mfupa unaotokeza kwa nje, palishavimba kama yai.

Hapo ndo nikaamua nielewe hiki kitu, maana kila mtu uwanjani alikuwa ananiambia enka zangu dhaifu basi.

Kwanza angalia miguu yako mwenyewe. Mfupa wa nje wa kifundo unashuka chini zaidi kuliko wa ndani, kwa hiyo unyayo kupindukia nje ni kazi, kupindukia ndani ni rahisi. Halafu ligamenti, zile kamba zinazounganisha mfupa na mfupa, za upande wa ndani ni pana na ngumu sana, ila za nje ziko tatu nyembamba, na ile ya mbele inayounganisha fibula (mfupa mwembamba wa nje wa mguu) na talasi (mfupa wa unyayo unaokaa katikati ya kifundo) ndo dhaifu kuliko zote, ndo inayochanika kwanza karibu kila mara. Na sasa hii ndo iliyonishangaza: ule mfupa wa talasi ni mpana kwa mbele na mwembamba kwa nyuma. Ukisimama kawaida sehemu pana imebanwa vizuri katikati ya mifupa miwili, lakini ukielekeza vidole chini, yaani vile unavyokuwa unashuka kutoka kuruka, inayobaki pale ni ile nyembamba na kifundo kinacheza. Mifupa haishiki tena, mzigo wote unaenda kwenye ligamenti, na ukitua unapokea mara kadhaa ya uzito wako.

Watu wanasema imarisha misuli, sawa, ila misuli ya pembeni ya mguu inachukua kama milisekunde 60 hivi mpaka ianze kuitikia, bado hapo haijajenga nguvu ya kuvuta, na wakati huo unyayo umeshaanza kupinduka. Yaani ukisubiri mguu uguse chini ndo ujiokoe umechelewa. Misuli inatakiwa iwe imeshakaza kabla ya kugusa, na mguu uwe umekaa sawa tangu juu. Ndo maana mazoezi ya kusimama mguu mmoja yanasaidia sana waliowahi kuteguka, kwa sababu ligamenti ikichanika inapoteza na zile hisia za kuuambia ubongo unyayo uko wapi, inabidi uufundishe upya. Mi nasimama mguu mmoja nikipiga mswaki asubuhi na usiku, nikizoea nafumba macho.

Stephen Curry, yule nyota wa kikapu wa NBA Marekani, alifanyiwa upasuaji wa enka ya kulia 2011 na tena 2012, msimu wa 2011–12 alicheza mechi 26 tu, na aliporudi kazi kubwa waliyofanya naye ilikuwa kuongeza nguvu ya nyonga, ili kukata kona na kusimama ghafla kubebwe juu, enka isibebe peke yake. Hilo limenigusa kweli, maana miaka yote nilikuwa nafunga bandeji tu.

Jambo linaloniuma ni kuvuta. Mtu kateguka saa hiyo hiyo anakamatwa unyayo unazungushwa "urudi", na ligamenti imechanika, hamna kitu cha kurudisha pale, unaongeza tu jeraha. Jumamosi dogo mmoja kaanguka, tayari jamaa kashika kisigino, nikasema mwacheni kwanza. Nikambonyeza ukingo wa nyuma wa mifupa yote miwili ya kifundo, sentimita 6 za chini, nikabonyeza na mfupa wa pembeni katikati ya unyayo na ule wa juu upande wa ndani. Angelia pale kwenye mfupa, au angeshindwa hatua nne, ilikuwa moja kwa moja eksirei. Hakulia. Nikamwambia jaribu kutembea, akanishika bega, akahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, nne.