Usiku wa michezo mifupi, Parnell Square

Kila Mei hapa Dublin, Ayalandi, hufanyika tamasha la kimataifa la tamthilia za LGBT, yaani za wapenzi wa jinsia moja na wenzao. Brian Merriman alilianzisha mwaka 2004, miaka 150 tangu mwandishi wa tamthilia Oscar Wilde azaliwe katika mji huuhuu. Leo nilikwenda kuangalia michezo mifupi, mmoja baada ya mwingine, kwenye ukumbi mdogo kiasi kwamba mwigizaji akipiga chafya, safu ya mbele inamwombea afya.

Niseme ukweli, mingine haikunigusa. Mwandishi akianza kutuhutubia kuhusu haki, mimi huanza kuhesabu taa za darini, hata kama kila neno lake nakubaliana nalo. Ulioniingia ni ule wa vikongwe wawili wanaogombania nani kaunguza sufuria. Hakuna aliyetamka kwamba ni wapenzi. Katikati ya ugomvi mmoja kamvua mwenzake miwani, kaifuta kwa upindo wa gauni lake, kamrudishia usoni, na maneno makali yakaendelea palepale yalipokuwa. Watu walicheka hadi machozi. Mchezo wa dakika kumi hauna muda wa kuomba ruhusa. Unawakuta watu jikoni kwao, nawe mgeni ndiye wa kujipanga.

Wakati wa mapumziko, mzee aliyeketi kando yangu alinionyesha upande uliko ukumbi wa Gate, hapohapo Parnell Square. Miongoni mwa waliouanzisha mwaka 1928 ni Hilton Edwards na Micheál Mac Liammóir, wanaume wawili walioishi pamoja mpaka Mac Liammóir alipofariki mwaka 1978. (Huyo Mac Liammóir alizaliwa London akiitwa Alfred Willmore, Uayalandi wenyewe aliuigiza, tena vizuri, wakamwamini.) Rais wa nchi alihudhuria mazishi yake. Na sheria ya mwaka 1861, waliyoiacha Waingereza, ilikuwa bado inawahesabu watu kama hao kuwa wahalifu. Haikuondolewa mpaka 1993. Mji mzima ulijua, mji mzima ukatoa rambirambi, na hakuna aliyetaja kitu.

Hapo nikajikuta Mombasa. Nasi tunakujua sana kutojua. Mjomba fulani ana “rafiki” aliyehamia naye tangu ujana, na kila Idi sahani yao huletwa moja, bila swali. Waingereza walituachia nasi vifungu vyao, kifungo hadi miaka 14, na Mei 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuvifuta. Ukimya wetu una huruma ndani yake, sikatai. Lakini siku jirani mmoja akiamua kusema, ukimya huo haumkingi mtu.

Nilipofika nyumbani dada alipiga simu. Nikamwambia nimetoka kwenye maigizo. “Maigizo ya nini tena huko, mdogo wangu?” Nikamsimulia ya sufuria na miwani, nikingoja anikatize kama kawaida yake. Hakunikatiza. Kanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Sasa, nani kaiunguza?”

Mchezo haukusema. Yeye anashikilia ni huyo mwenye miwani, maana haoni. Mimi nasema mfutaji, ndiyo maana alikuwa anajikomba. Tumebishana mpaka bando lake likaisha.