Sel roti za mama, Pokhara, Nepal

Mama alichuchumaa mbele ya karai tangu alfajiri (Wanepali huliita karahi). Anachota rojo la unga wa mchele, analimimina kwenye mafuta huku mkono unazunguka, pete inaumuka, anaigeuza kwa kijiti. Harufu ilikuwa ya vitumbua vya kwetu kabisa. Hizo ndizo sel roti, chakula cha Dashain na Tihar, sikukuu za Kihindu. Siku ile ilikuwa Krismasi, na mama yule ni Mhindu.

Mwanawe, aliyegeuka Mkristo, nililala naye chumba kimoja Doha miaka mitatu, sote walinzi. Kombe la Dunia la 2022 lilipokwisha, na mkataba nao ukaisha, akaniambia: "Bhai, kabla hujarudi Mombasa, njoo ule Krismasi kwetu." Bhai ni mdogo wangu. Mimi humwita dai, kaka.

Jumamosi tarehe 24 tulikwenda kusali, maana Jumamosi ndiyo mapumziko ya Nepal. Viatu mlangoni, watu chini kwenye mazulia, ngoma ya madal inalia. Wanasalimiana "Jay Masih", ushindi kwa Masihi. Usiku vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiimba kwenye baridi kali, wakipewa chai na sel roti. Dai akasema utotoni alipita vivyo hivyo usiku wa Tihar akiimba deusi, nyimbo za sikukuu hiyo.

Ukisema imani hii ililetwa na Wazungu, unawadhulumu Wanepali. Mapadri Wakatoliki wa shirika la Wakapuchini waliweka makao bonde la Kathmandu mwaka 1715, wakafukuzwa 1769. Biblia ya Kinepali ilitoka 1914 kwa jasho la Ganga Prasad Pradhan, mzaliwa wa Kathmandu aliyeishi Darjeeling, India. Nchi ilipofunguliwa baada ya 1951, wamisionari waliruhusiwa kutibu na kufundisha, si kuhubiri. Wanepali ndio waliohubiriana, wengine wakafungwa kwa ajili hiyo. Sensa ya 2021 ilihesabu Wakristo 512,313, na hadi leo kumbadilisha mtu dini ni kosa la kifungo cha hadi miaka 5.

Lakini kinachomuuma dai ni tika. Siku ya Dashain wazee huwabandika watoto kwenye paji la uso mchele uliochanganywa na maziwa mgando na rangi nyekundu, ndiyo baraka yao. Alipoikataa mara ya kwanza kwa ajili ya imani yake, mama hakusema naye mpaka Tihar ikapita. Namheshimu kwa msimamo wake, ila ningekuwa mimi, sijui kama ningeweza kuukwepa mkono wa mama.

Mama alinipa sel roti ya kwanza ikiwa moto bado, akasema neno, na dai akanitafsiria:

"Dashain hataki mkono wangu usoni. Basi Krismasi atakula cha mkono wangu."

Maneno ya mwisho aliyatoa polepole, macho yamebaki kwenye karai.